Tushuke ufuoni kabla ya kuunda istilahi za mshipi

Neno ndoana ni kongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Wataalamu wa isimu historia wanalinasibisha na mzizi wa Kibantu, -dob-, uliokuwa na maana ya kuvua samaki kwa kulabu, na ambao watoto wake wametapakaa kutoka misitu ya Kongo hadi visiwa vya Ngazija. Mganda anapovua kwa ndoana husema analoba, na ndoana yenyewe huiita eddobo. Wazungumzaji wa Kikongo na Kilingala wana ndobo. Kiswahili kiliidondosha ile b iliyokaa baina ya irabu, kama kilivyoidondosha katika kitenzi kuvua ambacho Waganda hadi leo hukitamka kuvuba. Kwa hivyo, kabla hatujapata jahazi, kabla hatujapata hata huo msikiti wa kwanza pale Shanga, tulikuwa na neno la kitu kile kilichopindwa ambacho samaki hukimeza asijue.

Historia ya ndoana basi ni ndefu. Historia ya kuitupa mbali, ukiwa umesimama mchangani na mawimbi yakikuvunjikia miguuni, ni fupi mno, na ndiyo ninayotaka kuisimulia leo. Sababu yangu si ya burudani. Nimekuwa nikihariri mswada wa tafsiri, kijitabu cha mafunzo na kanuni kwa wavuvi wanaovua kwa mshipi kutoka ufuoni. Shirika lililokiandaa silitaji, na mtafsiri wake ni kijana mwenye bidii ambaye siku moja atakuwa bingwa. Lakini kijitabu hicho kimenionyesha jambo ambalo nimelihubiri darasani kwa zaidi ya miaka 30, kwamba istilahi ikiundwa mezani na mtu asiyejua kitu chenyewe kinafanyaje kazi, hata sarufi ikiwa safi, istilahi hiyo hudanganya.

Hebu tuanze na jina la uvuvi wenyewe. Kwa Kiingereza, neno la mawimbi yanayovunjika ufuoni ndilo hilohilo hutumiwa kwa kupitapita katika tovuti. Mtafsiri alifungua faharasa ya istilahi za kompyuta, akakuta kurambaza, akaandika "uvuvi wa kurambaza". Ajabu ni kwamba kurambaza ni neno la uvuvi kweli! Wanakompyuta walilichukua kwa wavuvi. Ila maana yake ya asili ni kuvua kwa mshipi unaoburutwa majini chombo kikiwa kinakwenda. Yaani mvuvi wa ufuoni, ambaye sifa yake kubwa ni kuwa hana chombo, alipewa jina la mwenziwe aliye chomboni. Neno lilitoka baharini, likaenda ofisini, likarudi baharini limevaa koti la mwingine.

Kwa nini hatuna neno moja la uvuvi huu? Jibu, naona, limo katika umbo la pwani yetu. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa huvunjika kule nje mwambani, si miguuni pa mtu, na baina ya mwamba na ufuo mna maji matulivu ambayo yakipwa unaweza kuyapita kwa miguu. Ya nini basi kutupa mshipi mbali ilhali unaweza kwenda mwenyewe? Wazee wetu walitega. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinachosimulia safari za Bahari ya Hindi, kinataja watu wa kisiwa kimoja cha upande wetu waliotumia mitego ya kusukwa, wakiiweka penye vijia vya maji. Msomaji wa Lamu au Vanga hahitaji kuelezwa. Huo ni ukoo wa dema na uzio. Nao wanaakiolojia waliochunguza mifupa ya samaki katika miji ya kale ya Waswahili, katika makala mashuhuri ya 2015 yenye kuuliza ni lini hasa Mswahili alipata kuwa mtu wa bahari, wameonyesha kwamba katika karne za mwanzo samaki walioliwa walikuwa zaidi wa karibu na ufuo na mwambani, na kwamba uvuvi wa bahari kuu ulipanuka baadaye, yapata mwaka 1000.

Lakini pwani yetu haina mwamba kila mahali. Pale Sabaki unapomwaga tope lake katika ghuba ya Malindi, na kaskazini zaidi katika ghuba ya Ungwana ambako Tana huingia baharini, matumbawe hayasitawi, na wimbi hufika mchangani likiwa na nguvu zake zote. Huko ndiko utakakomwona mtu amesimama maji yakimfika magotini, anangoja. Na kusi linapovuma, mitumbwi midogo ikavutwa juu, mshipi wa ufuoni ndio unaomfaa asiyetaka kulala na njaa.

Sasa tazama tatizo lililomkabili mtu huyo, maana ndilo tatizo la historia nzima. Ana uzi mrefu, tuseme mita 80. Mwisho wa uzi pana ndoana, chambo na kizito cha kuvichukua. Akikirusha kizito, uzi lazima ukifuate. Uzi huo ulikuwa wapi? Ukiwa umezagaa mchangani, upepo na miguu vitaufunga mafundo. Ukiwa umezungushwa kwenye kitu, lazima utoke kwenye kitu hicho kwa kasi ileile ya kizito kinachoruka, tena usikizuie. Ukifikiria kwa makini utagundua kuwa ziko njia mbili tu. Ama kitu kilichozungushiwa uzi kizunguke chenyewe kikiutoa uzi ubavuni, ama kitulie tuli na uzi uchomoke kwa kupita juu ya ncha yake. Mengine yote ni mapambo.

Uingereza ilianza na njia ya kwanza. Katika karne ya 19 mji wa Nottingham ulikuwa ukisifika kwa viwanda vya kimia cha urembo, na mafundi wake walijua kuchonga vigurudumu vya mbao vya kuzungushia nyuzi. Wavuvi wa mto Trent wakapata kigurudumu chepesi cha mbao kinachozunguka kwenye ekseli moja, kikafungwa kwenye mwanzi. Kikapelekwa pia baharini, kikanenepeshwa. Aina moja iliyopata jina kutokana na mji wa Scarborough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ilivuka bahari hadi Afrika Kusini, na hadi leo wavuvi wa KwaZulu-Natal wanalitaja jina la mji huo bila hata mmoja wao kuhitaji kuujua. Maneno ndivyo yalivyo, hayaombi pasipoti.

Wamarekani walikifanyia kigurudumu hicho jambo jingine. Fundi wa saa wa Kentucky, George Snyder, mwanzoni mwa karne ya 19, alikitia magia kama ya saa, mkono ukizungushwa mara moja kigurudumu kikazunguka mara kadhaa. Chombo cha namna hiyo ndicho walichokwenda nacho matajiri wa New York kwenye kisiwa cha Cuttyhunk, Massachusetts, walikoanzisha klabu yao ya uvuvi mwaka 1864. Walijenga madaraja ya mbao yaliyotokeza juu ya majabali, wakakaa juu yake, na pembeni akawapo mtumishi aliyelipwa kuwatilia chambo na kumwaga vipande vya kamba-mti baharini ili kuwavuta samaki. (Ukitaka kujua tofauti ya mvuvi na mwenye kujipumzisha kwa uvuvi, mtazame nani anashika chambo.) Uzi wao ulikuwa wa kitani. Kitani kina tabia ya ajabu, kikilowa huwa na nguvu zaidi kuliko kikiwa kikavu, lakini kisipooshwa kwa maji matamu na kuanikwa kila baada ya kuvua, huoza. Sisi neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, na tukalizaa mara mbili. Kitani kikabaki kwa nguo, na katani ikaenda kwa nyuzi za kushonea matanga na, baadaye, kwa mkonge.

Kigurudumu kinachozunguka kina ubaya mmoja usio na dawa kamili. Ni lazima kwanza kishtuliwe ndipo kianze kuzunguka, na kikishaanza hakijui kusimama. Kizito kikipunguza mwendo hewani au kikigonga maji, kigurudumu bado kinaendelea kutema uzi usio na pa kwenda, na kufumba na kufumbua pana rundo la mafundo ambalo Waingereza hulifananisha na kiota cha ndege. Dawa yake ni dole gumba. Mvuvi hodari huligusisha kwenye uzi unaozunguka, kwa wepesi kama wa mpiga zumari, akapunguza mwendo bila kuusimamisha. Jambo hili huchukua miezi kulijifunza, na wengine hawalijifunzi kamwe.

Mwaka 1884 Mskoti mmoja wa mji wa Perth, Peter Duncan Malloch, alipata hataza ya kigurudumu kilichokuwa na ujanja. Wakati wa kutupa, kiligeuzwa ubavu kikaielekea bahari, uzi ukachomoka juu ya ukingo wake bila chenyewe kuzunguka. Wakati wa kukunja kilirudishwa mahali pake kikazungushwa kama kawaida. Hilo lilikuwa daraja kati ya njia mbili nilizozitaja. Kasoro yake ni kwamba uzi unaotoka kwa namna moja na kurudi kwa nyingine hujisokota kila mtupo. Wazo hilo lilipata makao Australia, ambako Charles Alvey alianza kuunda vigurudumu vyake Brisbane mwaka 1920. Ukienda fuo za Queensland utaviona, vikubwa kama sahani, vinavumilia mchanga na chumvi kwa sababu ndani yake hamna kitu cha maana cha kuharibika.

Kisha akaja Alfred Holden Illingworth, mwenye viwanda vya nguo wa Bradford, naye mwaka 1905 akasajili hataza iliyoimaliza hoja. Kiwandani kwake kila siku uzi ulichomoka kwenye vibiringo vilivyosimama tuli, ukipita juu ya ncha. Fundi yeyote wa cherehani wa Gikomba analijua jambo hili bila kuambiwa, maana ile koni kubwa ya uzi iliyosimama nyuma ya mashine yake haizunguki, ni uzi unaojinyanyua juu yake. Illingworth alikiweka kibiringo mbele ya mwanzi, kikaielekea bahari, kikakaa kimya. Wakati wa kutupa hakizunguki. Wakati wa kukunja pia hakizunguki, bali ni kijimkono kidogo kinachokizunguka na kuuviringa uzi juu yake. Hakuna cha kushtua wala cha kusimamisha. Kizito kikitua majini, uzi unaacha kutoka, basi. Kiota cha ndege kikawa nadra.

Ningependa msomaji ashike vizuri neno hilo "hakizunguki", kwa sababu mtafsiri wangu alikibatiza chombo hicho "kizungushi".

Sikatai kwamba kizungushi ni neno lililoundwa vyema. Lina kiambishi cha ki-, lina mzizi unaojulikana, lina kiishio cha kutendea. Mwanafunzi akiliandika kwenye mtihani wa mofolojia atapata alama zote. Lakini linamwambia mvuvi kinyume cha kitu chenyewe. Kigurudumu cha Nottingham na kile cha Kentucky ni vizungushi kweli. Cha Illingworth, ambacho ndicho kilichojaa madukani leo na ndicho kijitabu kinakieleza kwa kurasa nzima, thamani yake yote ni kule kutozunguka. Anayesoma "achilia kizungushi" atakitazama angoje kizunguke. Ndiyo maana nasema mtu hawezi kuunda istilahi kabla ya kujua historia ya kitu.

Chombo hicho, hata hivyo, hakikuteka fuo mara moja. Nyuzi za hariri na kitani zilikuwa nene, zikinywa maji, zikisugua ukingo wa kibiringo. Kilichokifungulia njia ni nailoni, iliyotangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938 na ambayo kazi yake ya kwanza sokoni ilikuwa nywele za mswaki. Nywele ya mswaki ni nini ila uzi mmoja mgumu, usiosokotwa, usiooza? Irefushe mita 200 na una mshipi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili zikaja pia fimbo za nyuzi za kioo, na kuanzia miaka ya 1970 fimbo za kaboni, zikachukua nafasi ya mianzi iliyokuwa ikiletwa kutoka Bengali na China. Mwanzi haukuwa mbaya. Ila hakuna mianzi miwili inayopindika sawa, na fimbo inayotupa vizuri ni ile inayojikunja kama upinde na kujinyoosha kwa wakati mmoja unaotabirika.

Mbinu nazo zikakua. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Leslie Moncrieff, mtu mrefu aliyevua sana katika ufuo wa changarawe wa Dungeness, alipata sifa kwa mtupo wake wa kuegemea nyuma, mwili mzima ukihama kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto. Wengine wakaja na mtupo wa kuning'iniza kizito na kukibembeza kama pendulamu ya saa kabla ya kukizungusha. Siri yao ni moja. Mkono hautupi, mkono unakunja fimbo, na fimbo ndiyo inayotupa. Anayetumia nguvu za bega peke yake atachoka kabla ya samaki.

Hapa pana hatari ambayo kijitabu kiliipitia juu juu. Kizito cha gramu 140 kikikatikiwa na uzi katikati ya mtupo huwa risasi ya bunduki, na ufuoni pana watoto. Kwa hiyo wavuvi hufunga mbele ya mshipi mwembamba kipande cha uzi mnene, kirefu mara mbili ya fimbo au zaidi, ili pigo la mtupo liangukie hapo. Kanuni ya Waingereza ni kwamba kila aunsi moja ya kizito itakiwe nguvu ya pauni 10, kwa hiyo aunsi tano, ambazo ndizo hizo gramu 140, zinahitaji uzi wa pauni 50, yaani kilo 23 hivi. Mtafsiri alikiita kipande hicho "kiongozi cha mshtuko". Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mtu asiyeelewa sentensi hiyo hatakifunga, na asipokifunga huenda akamtoboa mtu kichwa.

Nilichukua mswada nikashuka nao Mombasa, hadi kwenye majabali ya Mama Ngina, penye mkondo wa kuingilia Kilindini. Niliwakuta vijana wanne na mzee mmoja. Mmoja wa vijana alikuwa na fimbo ya kaboni na chombo cha Illingworth kilichotengenezwa China. Nilimuuliza anakiitaje. "Mashine," akasema, akinishangaa. Lakini aliyenivutia ni mzee. Yeye hakuwa na fimbo. Alikuwa na chupa ya plastiki ya soda iliyozungushiwa mshipi wa nailoni. Aliishika shingoni kwa mkono wa kushoto, kitako kikaielekea bahari. Kwa mkono wa kulia alishika uzi kiasi cha dhiraa moja juu ya kizito, akakizungusha mara tatu kichwani, akakiachia. Uzi ukachomoka kwenye kitako cha chupa, duara baada ya duara, bila chupa kutikisika. Kizito kikatua mbali, chubwi!

"Mwalimu waangalia nini?" aliniuliza.

"Naangalia chupa, mzee wangu. Haizunguki."

"Izunguke iende wapi?" akasema. "Ikizunguka itanifunga mafundo."

Mbele yangu palikuwa na hoja yote ya mwaka 1905 katika chupa iliyookotwa. Sidai kwamba mzee alimtangulia Illingworth, wala kwamba chupa ya plastiki ni urithi wa mababu. Mtu yeyote, popote, mwenye uzi na kopo hufikia jawabu hilo, na uvuvi wa namna hii uko Cuba, Australia na kwingineko. Ninachosema ni kwamba alikuwa anaijua kanuni, na alikuwa na maneno yake.

Maneno yenyewe ndiyo haya. Kizito alikiita chubwi. Mtafsiri alikuwa ameandika "uzito wa kuzamishia", maneno matatu kwa kitu ambacho kamusi zetu zina jina lake tangu wakati wa ukoloni, na jina tamu kama hilo, lililotokana na mlio wa kitu kinapoangukia maji. Chubwi ya mzee ilikuwa plagi kuukuu ya gari. Jina halikujali. Tena chubwi si bildi, maana bildi ni risasi ya nahodha ya kupimia kina, wala si timazi ya mwashi; Kiswahili kimevitenga vitu vitatu vinavyofanana ambavyo wanaoandikia mezani huvirundika pamoja. Samaki anayegusagusa chambo bila kumeza, mzee alisema anadona, kama kuku. Kutupa ni kutupa tu, si "kurusha kwa umbali" wala "kutuma", kama ilivyo ukurasa wa nne wa mswada. Na kile kipande cha uzi mnene? Yeye hakukihitaji, lakini kijana mwenye fimbo alikuwa nacho. Nilimuuliza jina. Alifikiri. "Si ni uzi mnene wa mbele tu, Mwalimu?"

Wenzangu wengine katika idara watanikemea, lakini mimi nitaandika hivyo hivyo, uzi mnene wa mbele. Si kila kitu kinahitaji neno moja. Tuna ugonjwa wa kuona kwamba istilahi ikiwa na maneno manne haijawa istilahi, hivyo tunaunda neno moja lisiloeleweka na kulisifu kwa ufupi wake. Anayesoma "funga uzi mnene wa mbele, urefu wake upite fimbo mara mbili" ataelewa na atafunga.

Kwa chombo chenyewe nilipima mengi. Roda ni neno zuri tulilolipata kwa Wareno, lakini ni ya kapi, na asili yake ni gurudumu, kwa hiyo inazunguka. Duara nayo hutumika kwa mtambo wa kuzungusha wa kuvutia nanga. Hayo mawili yanakifaa kigurudumu cha aina ya Nottingham na cha magia. Kwa kile kisichozunguka nilipendekeza bobini, kwa sababu mafundi wa nguo wanalo neno hilo, na wazo lenyewe lilitoka kwenye nguo. Kuna atakayesema vijana washalimaliza suala kwa "mashine". Labda. Lakini mashine ni kila kitu, kuanzia cherehani hadi injini ya boti, na mwongozo unaosema "paka mashine mafuta" mbele ya mtu mwenye boti utaleta kizaazaa.

Nimebakisha neno moja, na ndilo lililonitoa usingizi. Sheria zetu za uvuvi zinakataza nyavu zinazofumwa kwa uzi mmoja usiosokotwa, ule unaong'aa majini kama kioo, kwa kuwa samaki hauoni na wavu ukipotea huendelea kuua. Tangu 2001 imepigwa marufuku pia juya, ule wavu wa kukokotwa hadi ufuoni unaosomba hata samaki wachanga. Kijitabu kinalieleza hilo, na ni haki kieleze. Lakini kwa Kiswahili kiliandika hivi: "Ni marufuku kutumia nailoni."

Hebu fikiria sentensi hiyo mikononi mwa askari au mwanakamati wa ufuo mwenye hasira. Nyavu nyingi halali hufumwa kwa nailoni iliyosokotwa. Mshipi wa yule mzee wa Mama Ngina ni nailoni ya uzi mmoja, na ni halali kabisa. Huo ndio uvuvi ambao serikali yenyewe inauhimiza badala ya juya. Kwa neno moja lililotafsiriwa vibaya, chombo kisicho na madhara kinaweza kunyang'anywa, na wakili hatakuwapo. Mvuvi hatapewa nakala ya Kiingereza alinganishe.

Niliandika upya kifungu hicho: "Ni marufuku kuvua kwa wavu uliofumwa kwa uzi mmoja usiosokotwa. Mshipi wa ndoana unaruhusiwa, hata ukiwa wa nailoni ya uzi mmoja." Wenye kijitabu wamekikubali bila maneno. Uzi mnene wa mbele wameukubali pia, baada ya simu mbili ndefu. Kurambaza kumeondolewa, na mahali pake pameandikwa "kuvua kwa mshipi kutoka ufuoni". Kuhusu bobini bado tunabishana, na juzi wameniletea pendekezo jingine, "kitulizauzi", ambalo nimelirudisha.